Digrii ya miaka miwili Marekani: panga kuanzia mwisho

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, zipo familia Nairobi zinazokaa chini kupiga hesabu ya Marekani. Karo ya chuo kikuu kwa miaka minne ikishawatisha, wengi hugeukia njia ya pili: miaka miwili katika chuo cha jamii (community college), kisha kuhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Njia hii ni nzuri na wengi wamefika nayo. Inapoharibika, chanzo huwa karibu kila mara kimoja. Mwanafunzi alijiandikisha "masomo ya jumla" kwa sababu hajaamua atasomea nini, akakusanya krediti 60 (vipimo vya uzito wa kozi) za kozi zilizopatikana, na chuo kikuu kikazipokea zote lakini kikahesabu sehemu tu kwenye shahada yake. Zilizobaki zinakaa kwenye transkripti, rekodi yake ya matokeo, bila kazi, na karo yake ilishalipwa.

Kwa hiyo mpango huu huandikwa kinyumenyume. Amua kwanza shahada utakayomalizia na chuo kikuu utakachomalizia, ndipo urudi kujaza zile krediti 60.

Unachokinunua

Chuo cha jamii hutoa digrii ya asosieti, ile ya miaka miwili. Ni krediti 60 za semesta, au 90 pale mwaka unapogawanywa kwa robo, kama vyuo vingi vya jimbo la Washington. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Krediti moja ni takriban saa moja darasani kwa wiki, na inakuhitaji saa mbili nyingine za kujisomea, kwa hiyo mzigo wa krediti 15 kwa muhula ni kama saa 45 za kazi kila wiki. Kozi nyingi zina krediti 3. Sayansi yenye maabara huwa na 4.

Soma herufi za digrii kabla ya kusoma jina lake. AA na AS kwa kawaida zimeundwa kwa ajili ya mtu anayehamia chuo kikuu. AAS ni ya anayetaka kuingia kazini moja kwa moja, na nyingi ya kozi zake za ufundi hazihami. AGS, ambayo ndiyo "masomo ya jumla" katika vyuo kadhaa, mara nyingi humruhusu mwanafunzi achanganye chochote, na uhuru huo ndio unaomponza. Kuna vyuo vingine ambako masomo ya jumla ni AA kamili na hayana shida yoyote. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni barua pepe yenye swali moja: je, digrii hii imeundwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, na ni vyuo vikuu vipi vina makubaliano nanyi? Jibu lisilotaja chuo kikuu hata kimoja ni sababu tosha ya kutafuta chuo kingine.

Chagua jimbo kabla ya chuo

Makubaliano ya kuhamisha krediti yamejengwa kwa majimbo, na sheria za jimbo moja haziwafungi jirani zake. Florida, kwa mfano, humhakikishia mwenye AA ya chuo cha umma cha jimbo hilo nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ingawa si chuo anachokitaka wala kozi anayoitaka. California ina Cal-GETC, orodha moja ya kozi za msingi inayotumika kwa CSU na UC, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, tangu muhula wa Agosti 2025. Tovuti yao ya ASSIST hukuonyesha kozi ya chuo cha jamii inalingana na ipi ya chuo kikuu, na unaweza kuifungua ukiwa Nairobi leo, bila akaunti na bila malipo.

Texas, ambako Wakenya wengi wana jamaa, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kozi za msingi ni krediti 42 katika vyuo vyote vya umma: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi 6, historia ya Marekani 6, serikali ya shirikisho na ya Texas 6, lugha na falsafa 3, sanaa 3, sayansi ya jamii 3, na 6 ambazo kila chuo hujiamulia. Ukimaliza zote 42, chuo kikuu chochote cha umma cha Texas lazima kizipokee kama furushi moja badala ya kozi zake za msingi. Ukihama ukiwa na 36, furushi halipo. Unapimwa kozi moja moja. Vilevile, aliyesoma serikali ya Texas kisha akahamia Ohio hubaki na kozi ambayo huko inaweza kuhesabiwa kama ya hiari tu.

Namba za kozi za Texas zenyewe zinasema. Katika ENGL 1301, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo na ya pili ni idadi ya krediti: mwaka wa kwanza, krediti 3. BIOL 1406 ina krediti 4. Namba inayoanza na sifuri ni kozi ya kukujenga kabla ya kiwango cha chuo, na haihesabiwi kwenye 60 zako.

Krediti 18 zinazoamua kila kitu

Ukitoa 42 kwenye 60, zinabaki 18. Hapo ndipo mpango hufaulu au hufa, kwa sababu kozi za msingi zinafanana kwa kila mtu lakini hizi 18 zinatakiwa ziwe milango ya shahada yako. Anayeelekea biashara anahitaji uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti na uchumi wa aina mbili, na hisabati yake ni ya biashara. Anayeelekea uuguzi anahitaji anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia na takwimu. Saikolojia na sosholojia hudai takwimu. Uhandisi ni habari nyingine: kalkulasi na fizikia hufuatana muhula kwa muhula, na ukichelewa kuanza kalkulasi kwa muhula mmoja, mlolongo mzima unasogea. Mhandisi asichukue masomo ya jumla kabisa. Achukue AS ya uhandisi.

Mfano wa mtu anayekwenda biashara Texas:

Muhula wa kwanza, krediti 16: uandishi wa Kiingereza wa kwanza, hisabati ya biashara, historia ya Marekani ya kwanza, uchumi mkuu, mawasiliano ya kuzungumza, na kozi ya mwongozo wa mwanafunzi mpya yenye krediti 1 ambayo vyuo vingi huidai.

Muhula wa pili, 15: uandishi wa pili, kalkulasi ya biashara, historia ya pili, uchumi mdogo, sanaa.

Muhula wa tatu, 16: serikali ya shirikisho, uhasibu wa fedha, sayansi yenye maabara, falsafa, kompyuta za biashara.

Muhula wa nne, 13: serikali ya Texas, uhasibu wa menejimenti, sayansi ya pili, na kozi moja ya biashara ambayo chuo kikuu kinaitaka.

Jumla 60. Tazama kuwa uhasibu haukuwekwa muhula wa nne wote. Uhasibu wa pili unauhitaji wa kwanza, na kozi za kufuatana namna hii ndizo huwachelewesha watu. Ziandike kwenye karatasi kwanza, kisha hizo nyingine zijaze mapengo.

Hisabati ishughulikie ungali nyumbani. Vyuo vingi hukupima kwa mtihani kama ALEKS au Accuplacer, na mtu aliyepata B ya hisabati kidato cha nne, akakaa miezi minane bila kushika kalamu, anaweza kuwekwa chini ya kiwango cha chuo. Hapo unalipa karo ya kozi isiyohesabiwa. Wiki sita za aljebra, sehemu, vipeo na grafu kabla ya mtihani zinatosha kumwokoa mtu muhula mzima. KCSE yenyewe haikupi krediti. A-Level hutoa katika vyuo vingi, kwa hiyo aliyesoma mtaala wa Uingereza apeleke matokeo yake mapema. Uliza pia kuhusu sharti la lugha ya kigeni huko utakakohamia, kwani mara nyingine Kiswahili chako kinaweza kukuondolea kozi hizo.

Sheria za viza zinazogusa ratiba

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, lazima awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu. Kumi na mbili mara nne ni 48, kwa hiyo anayejishikiza kwenye kiwango cha chini hamalizi kwa miaka miwili bila kusoma likizo ya kiangazi. Usiache kozi katikati ya muhula kabla hujazungumza na afisa wa wanafunzi wa kigeni. Ukishuka chini ya 12 bila idhini yake unapoteza hadhi yako ya mwanafunzi, hata kama mwalimu mwenyewe alikushauri uache.

Kazi inaruhusiwa ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo hairuhusiwi mwaka wa kwanza. Baada ya asosieti unaweza kuomba miezi 12 ya kazi ya mafunzo, OPT, lakini lazima ihusiane na ulichosomea, na "masomo ya jumla" ni vigumu kuyahusisha na kazi maalumu.

Makaratasi, kutoka Januari hadi Agosti

Muhula mkuu huanza mwishoni mwa Agosti. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, kwa hiyo una miezi saba, na inatosha usipopoteza miwili ya kwanza.

Januari na Februari, chagua jimbo, chuo kikuu na chuo cha jamii. Hakikisha chuo kina ithibati ya shirika linalotambulika, na kwamba kimeidhinishwa na SEVP, mpango wa serikali ya Marekani unaosimamia wanafunzi wa kigeni, kuwapokea. Omba pasipoti kupitia eCitizen wakati huohuo. EducationUSA, mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani, hutoa ushauri Nairobi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa wakala maelfu ya shilingi akujazie fomu.

Machi, peleka maombi pamoja na matokeo ya Kiingereza kama chuo kinayadai. Chuo kikitaka uthibitisho wa matokeo kutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya, unaombwa kupitia mfumo wao wa QMIS. Aprili, peleka ushahidi wa fedha upate I-20, hati ya chuo ya kuombea viza. Ikishafika, lipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya viza, lipa ada ya viza, dola 185, uweke miadi ya mahojiano ubalozini Gigiri. Angalia ada tena siku ya kulipa. Viza ikitoka, huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20.

Kwenye fedha, familia nyingi hukwama kwa jambo moja: pesa za harambee zikiingia zote kwa wiki moja, taarifa ya benki huonyesha akaunti iliyokuwa tupu ikajaa ghafla. Ambatisha barua ya maelezo, hati za mishahara au biashara za wadhamini, na mkataba wa mauzo ikiwa shamba liliuzwa. Usiweke mshahara wa kazi ya chuoni kwenye hesabu hiyo. Na mjomba kuishi Dallas hakukufanyi mkazi wa Texas. Mwenye F-1 kwa kawaida hulipa karo ya asiye mkazi, ambayo ni kubwa kuliko ile unayoiona imeandikwa juu ya ukurasa. Mjomba anasaidia kwingine: vyuo vingi vya jamii havina mabweni, na barua ya mwenyeji huweza kupunguza gharama za maisha kwenye hesabu ya I-20 ikiwa chuo kinaikubali. Uliza pia basi linafika hapo chuoni au la, maana gari si anasa katika miji mingi ya huko.

Kwenye mahojiano utaulizwa kwa nini chuo cha jamii, na kwa nini masomo ya jumla. Aliyepanga kutoka mwisho ana jibu la sentensi mbili: nasoma kozi za msingi na uhasibu kwa karo nafuu, kisha nahamia chuo kikuu hiki kusomea biashara, na hii ndiyo orodha yake ya kozi. Asiyepanga hujibu kwamba bado anajitafuta. Viza ikikataliwa, mpango haujafa. USIU-Africa, chuo kikuu kilichoko pale Thika Road, ina ithibati ya WSCUC, shirika la ithibati la Marekani, pamoja na ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya, na krediti za kozi za msingi zilizosomwa huko ni rahisi zaidi kutathminiwa unapoomba tena.

Ukishafika

Usajili wa kozi hufunguka kwa saa za huko. Saa mbili asubuhi Dallas ni saa kumi jioni Nairobi wakati wa kiangazi, saa kumi na moja wakati wa baridi. Anayejisajili kabla ya kusafiri asikose dakika ya kwanza, kwani madarasa ya maabara hujaa upesi. Hifadhi silabasi ya kila kozi kama faili. Chuo kikuu kikikataa kozi, silabasi ndiyo rufaa yako. Lenga C au zaidi katika kila kozi, kwa sababu D huweza kukupa krediti chuoni lakini kwa kawaida haihami.

Muhula wa tatu ndio wa kuomba chuo kikuu. Wa nne, jaza fomu ya kuhitimu, maana katika vyuo vingi digrii haitolewi usipoiomba. Agiza transkripti ya mwisho itumwe moja kwa moja, na mwambie afisa ahamishe rekodi yako ya SEVIS kabla siku 60 za baada ya kumaliza hazijaisha. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano.