Namna ya Kuwafanya Wafanyakazi Wenzako Wazungumze Kifaransa Ofisini

Ofisi za uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam zinashughulikia mizigo mingi inayokwenda Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura. Wateja wengi wa miji hiyo wanakizungumza Kiswahili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia: salamu na maongezi ya simu humalizika kwa Kiswahili, lakini ankara, barua za madai na maelekezo ya mwenye mzigo huja kwa Kifaransa, na ofisi nzima ikabaki kumtegemea mtu mmoja anayekielewa. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuuondoa utegemezi huo, awe meneja au karani.

Usianze kwa kuwaingiza watu darasani. Anza kwa kuzichunguza kazi zao. Kwa muda wa wiki moja, kila mfanyakazi aandike mahali alipokwama kwa sababu ya lugha: mteja alitaka nini, hati gani haikusomeka, sentensi gani ilihitajika. Utagundua kwamba mhudumu wa mapokezi anahitaji kusalimu, kuuliza jina na kumwomba mgeni asubiri, ilhali wa kitengo cha nyaraka anahitaji kulitambua neno “connaissement”, yaani hati ya shehena, na “dédouanement”, yaani kazi yenyewe ya kutoa mzigo forodhani. Orodha hizo fupi ndizo zitakazokuwa somo la kila mmoja. Mlinzi wa getini naye apewe ya kwake, kwa kuwa ndiye wa kwanza kukutana na mgeni.

Kwa maoni yangu, somo la kwanza la pamoja liwe herufi na tarakimu, ingawa vitabu vingi hulipita haraka. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ikisomwa kwa simu ndipo makosa ya gharama yanapotokea. Aliyezoea Kiingereza akisikia J ya Kifaransa hudhani ametajiwa G, na akitajiwa G huandika J. I nayo huisikia kama E. Katika hesabu, Wakongo na Warundi husema “septante” kwa sabini na “nonante” kwa tisini, kama Wabelgiji waliowatawala, kwa hiyo aliyefundishwa kwa kitabu kutoka Ufaransa hukwama asipoelezwa mapema.

Zoezi lake ni rahisi. Mmoja asome namba ya kontena kwa Kifaransa, mwenzake aiingize kwenye mfumo wa kompyuta. Tarakimu ya mwisho ya namba hiyo ni ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, na kwa kawaida kosa la herufi au tarakimu moja huifanya hesabu isikubali. Faida yake kubwa ni kwamba msahihishaji ni mashine. Katika ofisi zetu si jambo jepesi kijana aliyeamkia “shikamoo” asubuhi kumsahihisha mzee wa kitengo mbele za watu saa nne, na mzee akishaona aibu mara moja hatafungua tena kinywa. Pale ambapo masahihisho ya mtu hayaepukiki, yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa baada ya mazungumzo, na yasizidi mawili. Dawa kubwa zaidi ni mkubwa wa ofisi kujifunza hadharani na kukosea hadharani, tena akiwa wa kwanza.

Tengeni dakika kumi kila asubuhi kabla simu hazijaanza kuita, badala ya saa nzima kila Ijumaa. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kuwa marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushikika vizuri kuliko marudio ya mkupuo. Kikundi cha WhatsApp cha ujumbe mfupi wa sauti kinasaidia, mradi kisiwe cha lazima baada ya saa za kazi.

Faini kwa anayetumia Kiswahili zisiwepo kabisa. Waliozionja shuleni wanajua kwamba zinafundisha kunyamaza. Vilevile maelekezo ya usalama, masuala ya nidhamu na mikataba ya ajira yabaki katika lugha ambayo kila mmoja anaielewa bila shaka. Kama kuna Mkongo au Mrundi ofisini, msimgeuze mwalimu wa bure. Akikubali kusaidia, apunguziwe kazi nyingine au alipwe.

Baada ya wiki chache, mwachie mwanafunzi apokee simu halisi akiwa na karatasi ya sentensi zake mbele yake na mwenzake mzoefu pembeni, lakini mzoefu asiingilie mpaka aombwe. Chagueni kwanza mteja mpole anayejua Kiswahili, mkimweleza kuwa mnafanya mazoezi. Wanaotaka cheti wanaweza kujiandaa kwa DELF, mtihani rasmi wa Kifaransa kwa wageni wa lugha hiyo, unaoanzia ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza, na kituo cha utamaduni cha Alliance Française ya Dar es Salaam kinafundisha Kifaransa. Mwajiri alipe ada ya mtihani na atoe ruhusa ya siku hiyo, bila kuikata kwenye likizo.