Namna ya Kuandaa Usiku wa Muziki wa Jukwaani Katika Mji Mdogo

Katika mji mdogo wapenzi wa muziki, wa maigizo na wa michoro huwa ni wale wale, na ndiyo maana mwandaaji hutafuta tarehe kabla ya kutafuta bendi. Kabla hujamwahidi msanii yeyote, wapitie wenye kumbi, shule, nyumba za ibada, vilabu vya michezo na vikundi vya sanaa, uwaulize wana shughuli gani juma hilo, kwa sababu maonyesho mawili ya usiku mmoja hugawana watazamaji ambao hata kwa onyesho moja hawakuwa wengi. Ukikuta wachoraji wamekwisha kutangaza siku unayoitaka, usishindane nao. Waombe muungane, picha zifunguliwe alasiri na muziki uanze jioni katika ukumbi uleule.

Ukumbi na uwe mdogo kuliko tamaa yako. Watu themanini katika chumba cha watu themanini huwapa wapigaji nguvu ambayo watu hao hao hawawezi kuitoa wakitawanyika katika ukumbi wa mia nne. Hakikisha mapema kwamba una kibali, kwamba unajua saa ambayo muziki unapaswa kuzimwa, na kwamba milango ya dharura inafunguka bila ufunguo.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi zaidi ni sauti, nayo kwa bahati mbaya ndiyo hupuuzwa kuliko zote. Simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu, upige kofi moja, usikilize. Mwangwi ukikawia, ujue kwamba kuta tupu, vioo na sakafu ngumu vitayavuruga maneno ya mwimbaji, hivyo tafuta mapazia mazito ya kutundika nyuma na pembeni. Miili ya watu nayo hufyonza sauti, kwa hiyo ukumbi unaovuma wakati wa kujaribu mitambo hutulia kiasi watazamaji wakishaingia, na fundi mitambo mzuri hulizingatia hilo. Spika ziwekwe mbele ya vipaza sauti, zikiwaelekea watazamaji na kuinuliwa juu ya vichwa vyao, ili walio nyuma wasikie bila walio mbele kuumia. Sauti ya spika ikirudi kwenye kipaza sauti huzunguka na kuzaa ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio; dawa yake ni kupunguza sauti, kukisogeza kipaza sauti mbali na spika, au kumwomba mwimbaji akikaribie zaidi, na kamwe si kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu kumbi za burudani, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kila kipimo cha dakika 15. Chumba kidogo hakihitaji kukikaribia kiwango hicho, na mara nyingi ngoma na tarumbeta hazihitaji kipaza sauti hata kidogo.

Makubaliano na wasanii yaandikwe, hata kama ni marafiki zako: malipo, muda wa kupiga, nani analeta vyombo, nani analipa usafiri, na itakuwaje onyesho likiahirishwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa vipaji vingi vya miji midogo hukimbilia miji mikubwa baada ya kuchoshwa na ahadi za mdomo. Nyimbo zitakazopigwa zikiwa za watunzi wengine, uliza chama cha kusimamia hakimiliki kuhusu leseni ya kuzipiga hadharani, na ujue kama ni wewe au ni mwenye ukumbi anayepaswa kuilipia.

Bango litaje siku pamoja na tarehe, mahali, kiingilio, saa ya kufungua mlango na saa ya wimbo wa kwanza, kisha saa hiyo iheshimiwe hata kama viti vya mbele bado vitupu, kwani ukiwasubiri waliochelewa umewaadhibu waliowahi, na safari ijayo nao watachelewa.

Usiku ukiisha, walipe wasanii kabla hawajafunga vyombo vyao, uhesabu vijisehemu vya tiketi vilivyobaki mlangoni, na uandike palepale idadi ya waliokuja na kasoro za mitambo, maana fundi atazihitaji taarifa hizo kabla ya onyesho lijalo.