Mapigo ya moyo yakienda ovyo: mambo ya kuweka sawa kabla hujafika kliniki

Kama nyumbani kuna mzee mwenye presha ya siku nyingi, au mtu aliyewahi kuambiwa valvu ya moyo ina shida, soma hii mpaka chini. Moyo kudunda bila mpangilio, ule ugonjwa madaktari wanauita AF, sio kitu adimu, makadirio ya 2019 yaliweka wagonjwa karibu milioni 60 duniani, na Marekani peke yake inalaza watu zaidi ya 450,000 kila mwaka kwa sababu hiyo. Kwetu utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliwakuta wenye AF hawafiki hata mmoja kwa kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, basi watu wakisikia hivyo wanatulia. Msitulie. AF ya wengine inakuja na kuondoka, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya mara moja inaweza isiione kabisa, alafu Afrika wagonjwa wanafika wakiwa wadogo kuliko Ulaya, wengine ni vijana waliopata homa ya baridi yabisi utotoni ikawaharibia valvu.

Sasa mzigo wake hospitali. Damu inatuama kwenye chumba cha juu cha moyo, inaganda, bonge linapanda kichwani. Hatari ya kiharusi inaongezeka kama mara tano, na kiharusi cha namna hii huwa kikubwa, mtu analala wodini wiki na wiki, anageuzwa, analishwa, ndugu wanapokezana kitandani. Ambaye hajapata kiharusi naye anarudi kliniki kila mara kupima damu. Ndio maana foleni haziishi, na ndio maana dokta ana dakika chache tu na wewe. Usiende mikono mitupu.

Pima mapigo nyumbani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, dakika nzima, sio sekunde kumi. Mashine ya presha rudia mara tatu maana mapigo yakiwa ovyo inadanganya. Barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu ya zamani ya ECG na eko (ultrasaundi ya moyo), vyote kwenye bahasha moja. Toka mapema, foleni ya Dar, Mbagala mpaka Upanga asubuhi, mnaijua wenyewe.

Dawa. Hapa nisikilizeni vizuri.

Shangazi yangu alikuwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na INR yake, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, ilikuwa imetulia vizuri kati ya 2 na 3. Akaenda msibani, daftari la kliniki akaliacha kabatini, huko tumbo likamsokota. Akaingia duka la dawa la jirani, "Mwanangu, tumbo linaniua, na magoti nayo." Kijana akamfungia metronidazo na diklofenaki kwenye bahasha ya kaki, kutwa mara tatu, hakuuliza kitu. Metronidazo inazuia mwili kuivunja warfarini, kwa hiyo dozi ileile inageuka kubwa, na diklofenaki inachuna tumbo. Siku chache baadaye fizi zinavuja, kanga ina madoa, choo cheusi kama lami, na yeye anasema ni uchovu wa msiba. Alipofikishwa hospitali nesi anauliza anatumia dawa gani, waliomleta wanatazamana, mmoja anasema "vya presha, vidogo vidogo." Hakuna aliyeweza kutaja warfarini, muda ukapotea mpaka binti yake akapigiwa simu akafungua kabati akasoma. Alipona, lakini aliongezewa damu.

Kwa hiyo daftari la INR linatembea na mgonjwa, kwenye pochi, na picha yake iwe kwenye simu za watu wawili. Kila duka la dawa sentensi ya kwanza ni "natumia warfarini", kabla ya kusema kinachouma. Septrini nayo ina tabia hiyohiyo. Mchicha, matembele na kisamvu haviachwi, ila kula kiasi kilekile kila wiki, usishinde mwezi bila mboga alafu ukafululiza. Mwanamke anayetaka kubeba mimba amwambie dokta kabla, warfarini ina hatari kwa mtoto.

Mengine mnayajua, dawa za presha zisikatwe kwa sababu umejisikia vizuri, pombe ipunguzwe, mitishamba isichanganywe kimyakimya. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, andika saa mliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima na muondoke muda huohuo, msimpe aspirini kwanza, huenda kichwani ni damu inavuja. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, ina saa nne na nusu tu, na lazima wajue kama yuko kwenye warfarini kabla ya kuichoma.