Keloidi sikioni: mimea inasaidia wapi?

Dada, kama ulitoga sikio na sasa nyuma ya ndewe pameota kinundu kigumu, kinachong'aa na kuwasha, usikikate wala usikifunge uzi. Hiyo huenda ni keloidi, yaani kovu linaloota kupita mipaka ya kidonda. Ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Na tafadhali sana, usibandike kitunguu saumu kibichi. Katika kazi yangu ya uuguzi nimesafisha masikio yaliyojaa malengelenge kwa sababu hiyo. Ukitaka dawa ya mmea, ulizia famasi jeli yenye dondoo la kitunguu maji. Ngoja kidonda kifunge kabisa. Jaribu tone moja ndani ya mkono. Kesho yake kama hapajavimba, paka kiasi kidogo na usugue taratibu kwa kidole. Ni kazi ya miezi. Inaweza kulainisha kovu, ila keloidi kubwa haiimalizi. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye bizari ya manjano, imepunguza nguvu ya seli za kovu maabara, lakini manjano ya jikoni hayapenyi ngozi ipasavyo.

Kinundu kikizidi kukua, muone daktari wa ngozi akuchome sindano ya triamsinoloni (dawa ya steroidi) ndani ya kovu lenyewe. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6.