Kutua Mwanza kwenye simuleta ya nyumbani: zoezi la maili tatu za mwisho

Anayeanza simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha ndege, hupenda safari. Anapaa Dar es Salaam na ndege ndogo ya Cessna 172, anakaa angani zaidi ya saa nne, na mwisho wa yote anapata nafasi moja tu ya kutua Mwanza, tena akiwa hoi. Kwa mtindo huo hutajua kutua hata mwaka uishe. Kutua kunatengenezwa kwenye maili tatu za mwisho, na maili hizo zinachukua kama dakika mbili na nusu. Zifanyie mazoezi hizo tu, zirudie, na kila raundi shughulika na jambo moja.

Natumia uwanja wetu wa Mwanza kwa sababu una mambo mengi ya kumfundisha mtu: uko juu, uko kando ya ziwa, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo hata ukikosea kidogo lami bado ipo.

Hatua ya 1: Andaa kompyuta

Kama huna pesa ya programu, pakua FlightGear. Ni ya bure na ina Cessna 172 ndani yake. X-Plane na Microsoft Flight Simulator nazo zinafaa, ila zinataka kompyuta yenye nguvu zaidi. Mandhari ya Kanda ya Ziwa yapakue mapema ukiwa na bando la kutosha, yasije yakaanza kushuka wakati uko futi 200 juu ya lami. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani, maana umeme ukikatika zoezi linaendelea.

Kibodi haifai kwa kutua. Kila ukibonyeza, ndege inaruka kama imepigwa teke. Tafuta joistiki, hata ya mtumba, ambayo mpini wake unazunguka kushoto na kulia. Mzunguko huo utakuwa pedali zako za usukani wa mkia. Ukiikosa, kwenye FlightGear bonyeza Tab na puku (kipanya cha kompyuta) inageuka kuwa usukani. Halafu ingia kwenye mipangilio upunguze ukali wa joistiki pale katikati, ili mkono ukitikisika kidogo pua isiruke.

Hatua ya 2: Chagua saa na upande

Njia ya kurukia ya Mwanza ina majina mawili kulingana na unakotokea. Ukitua kuelekea nyuzi 120 za dira hivi inaitwa 12, na hapo unatokea upande wa ziwa. Ukitua kuelekea nyuzi 300 inaitwa 30: unatokea nchi kavu na ziwa liko mbele yako. Ndege hutua ikikabili upepo. Mchana nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo mara nyingi hutoka ziwani, kwa hiyo 30 inafaa. Usiku na alfajiri mambo hugeuka na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Anza na 30, saa 9 alasiri. Kumbuka saa ya programu itaandika 15:00. Weka upepo wa nyuzi 300, noti 5, anga jeupe bila mawingu. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kama kilomita 1.85.

Hatua ya 3: Fahamu uko juu kiasi gani

Hapa ndipo waliojifunzia viwanja vya pwani huchanganyikiwa. Uwanja wa Mwanza uko kama futi 3,760 juu ya usawa wa bahari. Altimita, yaani kipimo cha kimo, ikisoma 4,000, usijione uko mbali na ardhi. Imebaki futi 240 tu. Kabla ya kuruka, iweke ndege chini kwenye lami, zungusha kitasa cha altimita mpaka isome 3,760 hivi, ndipo uanze.

Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu, kila maili ya baharini unashuka kama futi 300. Andika namba hizi kwenye karatasi uibandike chini ya skrini:

Maili 3: futi 4,660
Maili 2: futi 4,360
Maili 1: futi 4,060
Nusu maili: futi 3,910

Mwinuko una jambo jingine. Siku yenye joto la nyuzi 28, hewa ya Mwanza inakuwa nyepesi kama ile ya futi 6,000 na kitu. Injini inapungua nguvu, na kwa spidi ileile inayosomeka kwenye kipimo, ndege inakwenda kasi zaidi juu ya ardhi. Ndiyo maana utaiona lami inakuja haraka kuliko ulivyozoea Dar es Salaam. Amini kipimo cha spidi. Usivute pua juu kwa sababu macho yanakuambia unakimbia. Kitasa cha mchanganyiko wa mafuta na hewa nacho usikisukume mpaka mwisho kama unavyofanya pwani. Punguza mafuta mpaka injini ingurume vizuri.

Hatua ya 4: Jiweke maili tatu, shika spidi

FlightGear na X-Plane zote zinakuruhusu kuanzia hewani, ukiwa umeshaielekea njia. Tafuta uwanja kwa alama yake, HTMW, chagua 30, maili 3. Simamisha programu kabla haijaanza kukimbia, uangalie vipimo kwa utulivu.

Kanuni ya kushika ni hii: pua inatunza spidi, nguvu ya injini inatunza kimo. Spidi ikizidi, inua pua kidogo. Ikipungua, ishushe. Ukiwa chini ya mteremko, ongeza nguvu. Ukiwa juu, punguza. Wanaoanza hufanya kinyume. Wakijiona wako chini wanavuta pua, spidi inakufa, ndege inazama zaidi, wanavuta tena. Kwenye ndege halisi tabia hiyo inaua, kwa hiyo usiipe nafasi hata kwenye kioo cha kompyuta.

Ingia na noti 75 na flapu (vile vibawa vinavyoteremshwa nyuma ya mabawa) nyuzi 10. Kwenye maili mbili teremsha flapu zote na ushike noti 65. Anzia mizunguko 1,600 ya injini kwa dakika, kisha rekebisha. Mshale wa kushuka utakaa kwenye futi 300 hadi 350 kwa dakika. Spidi ikitulia, zungusha trimu, kile kigurudumu cha kuishikilia pua mahali pake, mpaka uweze kuachia joistiki na pua ibaki pale pale. Usipoweka trimu utapigana na ndege hadi chini.

Raundi za mwanzo usijali utafikia wapi. Shika noti 65 tu. Ukiweza kufika mwanzo wa njia bila kutoka nje ya 60 na 70, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tafuta nukta isiyohama

Mtu wa Igombe aliyezoea mtumbwi analijua hili. Mtumbwi mwingine ukiuona unabaki upande uleule huku unazidi kuwa mkubwa, mnakwenda kugongana. Kwenye kioo cha ndege ni hivyohivyo: sehemu ya lami isiyopanda wala kushuka ndiyo unakokwenda. Lenga alama nene nyeupe baada ya namba za njia.

Mpwa wangu, ambaye nafanya naye mazoezi haya, huuliza, "Mjomba, mbona alama inakimbilia chini ya pua?" Namjibu, "Basi unaipita. Toa nguvu kidogo, spidi usiiguse." Alama ikipanda juu kwenye kioo, utaishia kabla yake, ongeza nguvu. Kama programu yako inaonyesha zile taa nne kando ya njia, nyeupe mbili na nyekundu mbili ndiyo sawasawa. Nyeupe zote uko juu mno, nyekundu zote uko chini mno.

Hatua ya 6: Inua pua

Ukifika kama futi 20 juu ya lami, fanya mambo matatu kwa mfuatano wa taratibu. Toa nguvu yote. Hamisha macho kutoka kwenye alama, uyapeleke mwisho kabisa wa njia. Kisha vuta joistiki kidogo kidogo, kiasi cha kuizuia ndege isishuke, bila kuipandisha.

Macho ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Ukiendelea kutazama lami chini ya pua, utavuta kwa kushtuka na ndege itapaa futi 10 bila spidi. Ukitazama mwisho wa njia, utaona kingo mbili za lami zinafunguka kushoto na kulia, na hizo ndizo zinazokuambia umebakiza kimo kiasi gani. Simuleta haikupi hisia ya kiti kuzama, kwa hiyo kingo hizo zitazame kwelikweli.

Subiri. Spidi itaendelea kushuka, king'ora cha mabawa, kinachoonya kuwa spidi inakaribia kuisha, kitaanza kulia, na magurudumu ya nyuma yatagusa kwanza. Usiachie joistiki, gurudumu la mbele literemke lenyewe. Breki baadaye, nafasi ipo tele.

Hatua ya 7: Kughairi

Hili lifanyie mazoezi sawasawa na kutua kwenyewe. Jiwekee sharti: nikifika futi 3,960, yaani futi 200 juu ya uwanja, na spidi iko nje ya 60 hadi 70, au siko katikati ya njia, napaa tena. Nguvu yote, pua juu kiasi, flapu hadi nyuzi 20, shika noti 60, ndege ikishapanda ondoa flapu zilizobaki hatua kwa hatua. Usizitoe zote kwa mpigo, utazama. Kwa hewa ya Mwanza ndege itapanda polepole. Ivumilie, usivute pua kuilazimisha.

Ukishaimudu 30

Ongeza upepo wa ubavuni noti 8, kutoka nyuzi 210. Shuka pua ikiwa imeukabili upepo, kisha karibu na lami inyooshe kwa usukani wa mkia na ulaze bawa la upande wa upepo kidogo.

Halafu geuza: njia 12, saa 2 usiku, upepo wa nyuzi 120. Sasa unakuja juu ya maji meusi yasiyo na taa hata moja chini yako. Giza hilo huwadanganya hata marubani wazoefu. Mtu hujiona yuko juu kuliko ukweli, akashuka mapema na kuelekea ziwani. Usiku kioo kitazame, ila karatasi yako ya namba ndiyo uifuate: maili moja, futi 4,060, na kama uko chini ya hapo, ongeza nguvu kwanza, sababu utaitafuta baadaye.