Picha ya upelelezi inayoishia pabaya: jinsi ya kuimaliza bila banda kulalamika

Kaa kwenye banda la video lolote pale Mwanjelwa, Mbeya, wakati picha ya majambazi inakaribia mwisho, kisha usitazame runinga, tazama watu. Steringi akipigwa risasi akafa, hakuna anayenyanyuka. Watu wanaguna, mmoja anajipiga paja, mwingine anasema "wamemuua kweli". Lakini picha ikikatika muuaji hajajulikana, au yakatokea maandishi ya "Itaendelea", utasikia mabenchi yakiburuzwa na mtu anauliza kwa sauti, "Kwa hiyo ndo imeisha?" Wale wa kwanza wameumia na wameridhika. Hawa wa pili wanajiona wamedhulumiwa.

Msemo wa "steringi hafi" umewapotosha waandishi wengi wa Mbeya na Iringa, wakadhani mtazamaji wa huku hataki mwisho mchungu. Anautaka. Asichotaka ni kukopwa dakika 90 halafu mkopaji akayeyuka.

Daftari la madeni

Kabla ya kuandika tukio la mwisho, gawa ukurasa wa daftari kwa safu tatu. Ya kwanza, swali ambalo picha imelizusha. Ya pili, dakika lilipozuka. Ya tatu, dakika linapojibiwa. Nani kaua? Kwa nini? Simu ya marehemu iko wapi? Yule mzee wa getini mbona alinyamaza? Ukiandika bila kujionea huruma, dakika 25 za mwanzo zitakupa maswali kama kumi. Safu ya tatu ikiwa na nafasi tupu zaidi ya moja, kazi bado.

Picha ya uhalifu ina maswali makubwa matatu: nani, kwa nini, na je, haki imetendeka. Mwisho wa giza una ruhusa ya kulijibu vibaya hilo la tatu. Ukimnyima mtazamaji haki, mpe "nani" na "kwa nini", na umpe yote mawili kabla ya dakika ya 75, ili zile 15 zilizobaki aumie kwa kujua, asikae akibahatisha.

Inawezekana kumnyima hata "nani", ila ni kazi ya mkono uliozoea. Picha ya Korea Kusini ya 2003, Memories of Murder, ilitokana na mauaji ya kweli ya Hwaseong ya kati ya 1986 na 1991, na wakati inatengenezwa muuaji alikuwa hajajulikana. Alikuja kutambuliwa 2019. Picha inaisha bila jina la muuaji na watu wanaiheshimu mpaka leo, kwa sababu tangu mapema inaonyesha kwamba habari yake ni wapelelezi wenyewe wanavyoshindwa. Ukitaka kwenda njia hiyo, mtazamaji aanze kuonywa mapema, kwenye nusu saa ya kwanza. Ukimwonya dakika ya 80 ni utapeli.

Ubaya utoke mkononi mwa steringi

Kosa linaloua miisho mingi ni lori. Koplo amemfuata muuaji picha nzima, amebakiza hatua moja, mara lori linakatika breki Mlima Kitonga linamzoa. Ajali Kitonga ni jambo la kuaminika, lakini kwenye hadithi ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya haimridhishi mtu. Kinachoridhisha ni mtazamaji kurudi nyuma kichwani na kusema: alijimaliza mwenyewe pale.

Chukua mfano huu. Mfanyabiashara wa mbao anauawa Mafinga. Koplo wa upelelezi, mwanamke, anamkamata mtuhumiwa saa mbili usiku. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa nne za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake. Koplo amechoka, na anataka mtuhumiwa alale kwenye baridi la Mafinga alainike. Anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, anakaa chini ya saa ya ukutani. Kamera inaiona saa hiyo mara ya kwanza ikiwa saa mbili na robo. Mara ya pili chai imekwisha na ni saa saba. Mara ya tatu kumekucha, ni saa kumi na mbili asubuhi, koplo anafungua karatasi na kuanza kuandika maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Mtuhumiwa anakiri kila kitu. Mtazamaji anafurahi: kesi imekwisha! Hiyo ni dakika ya 31.

Dakika ya 78, Mahakama Kuu Iringa. Wakili wa utetezi anapinga maelezo yasipokelewe, kwa kuwa yaliandikwa nje ya muda wa sheria. Anauliza swali moja: "Mshtakiwa alifikishwa kituoni saa ngapi?" Usimpe koplo jibu haraka. Mwache anyamaze sekunde tano au sita. Ukiwa umeiweka vizuri ile saa ya ukutani, banda zima litamjibia. Hapo mwisho wako umeshafanikiwa, hata kabla muuaji hajatoka nje akiwa huru.

Mfano huo una mitego. Ushahidi mwingine uwe mwembamba kweli: ukiacha shahidi aliyeona kwa macho, au alama za vidole kwenye panga, mtazamaji atauliza mbona hawakuvitumia. Muda usipite kidogo, upite sana, kwa kuwa ukipita kwa nusu saa tu watu watabishana na picha badala ya kuumia. Na usimpe mtuhumiwa wa mauaji dhamana. Mauaji hayana dhamana Tanzania, na kila kijiwe cha bodaboda kinajua hilo. Kesi huanzia mahakama ya chini, ambako mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote na upande wa mashtaka huomba kuahirisha kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Ndipo hupelekwa Mahakama Kuu. Kile kipande cha kuahirishwa usikikate hata kama unabana muda. Mara tatu, sekunde kumi kila moja, mjane amevaa kitenge kilekile. Kinafanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote.

Kitu ambacho mwisho wako unakitegemea kionekane mara tatu: kwanza kama pambo, pili kwa kupita, tatu kikiwa na uzito. Mara moja haitoshi, maana banda lina watu wanaoingia wamechelewa na wengine wananunua karanga. Mara tano ni kumfanya mtu mjinga.

Dakika tatu za kushusha pumzi

Ukishatoa pigo, usikate. Mpe mtazamaji dakika mbili hadi nne ambazo hakuna jipya linalotokea, na ndani yake ulipe deni moja dogo. Kwenye mfano wetu, dakika ya nne ya picha marehemu alimwambia mkewe amshonee kifungo cha kabuti, mke akasema atashona kesho. Kabuti likachukuliwa kuwa kielelezo. Kesi imeisha, koplo analirudisha nyumbani. Mjane analipokea, hamwambii kitu, anaingia ndani, anatafuta sindano. Uzi unakataa kuingia tunduni mara mbili. Anaulowesha mdomoni, unaingia. Anashona. Kata hapo.

Muuaji bado yuko huru na hakuna aliyefarijiwa kwa uongo. Ila kuna jambo lililoanzishwa likamalizwa, na mtu anatoka bandani akiwa nalo. Usiweke muziki wa kulia juu yake. Sauti ya uzi kupita kwenye kitambaa kizito inatosha.

Waandishi wengine hufanya kinyume: wanaogopa giza, wanaleta polisi dakika ya mwisho kumkamata kila mtu. Marekani ilikuwa na kanuni ya kuwabana watengenezaji, ikisimamiwa kwa nguvu kuanzia 1934 hadi ilipoachwa 1968, kwamba mhalifu asionekane kufaidi uhalifu wake, na ndiyo maana picha nyingi za miaka ile zina adhabu iliyobandikwa mwishoni kama kiraka. Hata bila kanuni watu hujibandikia wenyewe. George Sluizer alitengeneza picha Uholanzi mwaka 1988 yenye mwisho wa kutisha. Akaitengeneza tena Marekani mwaka 1993, safari hii shujaa akaokolewa. Inayokumbukwa ni ile ya kwanza.

Kwetu hakuna haja ya kiraka hicho. Ila picha lazima ipite Bodi ya Filamu kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani, basi panga muda wa kuiwasilisha mapema, usisubiri mabango yawe yamebandikwa pale Kabwe, Mbeya.

Giza la hadithi si giza la kioo

Hili linaharibu miisho mizuri kuliko uandishi mbaya. Banda lina runinga ya kawaida, ukuta una nyufa, mabati yana matundu ya misumari yanayopitisha jua. Tukio ulilopiga usiku kwa taa moja litaonekana jeusi tupu. Piga tukio la mwisho wakati wa magharibi. Mbeya jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa sita, na karibu saa moja, mwezi wa kumi na mbili. Una kama dakika 20 za mwanga unaofaa, hivyo fanyeni mazoezi saa kumi na moja na kamera ikiwa tayari mahali pake. Ukipiga kati ya Novemba na Aprili, weka siku ya akiba kwa ajili ya mvua. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya bati la banda inameza sauti, kwa hiyo jina la muuaji lisitajwe kwa kunong'ona tu. Lionekane pia: pete, mkono, gari lililopaki.

Kuijaribu

Tafuta watu ishirini wasiokujua, umri tofauti, wanawake wasipungue nane. Kihesa ya Iringa au Uyole ya Mbeya panafaa sawa na katikati ya mji. Kaa pembeni ya runinga ukiwatazama wao, na uandike dakika kila simu inapotolewa mfukoni.

Picha ikiisha usiulize "mmeipenda?" Watu wa huku wana adabu, watakujibu "nzuri tu" na hutajua kitu. Waambie wakusimulie ilivyoishia, kana kwamba hukuwepo. Anayesema "imeniuma yule mama" amelipwa. Anayesema "si angeandika yale maelezo usiku uleule" amelipwa zaidi. "Sijaelewa yule wa mwisho ni nani" ni deni ulilosahau. "Itakuwa kuna sehemu ya pili" ni hukumu mbaya kabisa, hata kama amesema kwa furaha. Ukizipata hizo mbili za mwisho kwa zaidi ya watu wanne katika ishirini, usiuze. Rudi tena kesho yake kwa watano kati yao: hasira ya papo hapo huwa inapoa, lakini anayekumbuka kifungo baada ya kulala ndiye kipimo chako.

Ukirekebisha, usianze na tukio la mwisho. Mara nyingi ugonjwa uko kati ya dakika ya 20 na ya 60, mahali pa kupandia vidokezo. Kwenye mfano wetu, watu wakisema jaji amewaonea, usiongeze hotuba ya jaji. Rudisha ile saa ya ukutani kwenye fremu, karibu zaidi, sekunde mbili zaidi, kisha waite watu ishirini wengine.