Gia boksi iko chini: flaiwili uipige skimu au ununue nyingine?

Kwenye kazi ya klachi ya Hiace au Hilux yenye injini ya 5L, jasho linatoka kwenye kushusha na kupandisha gia boksi. Klachi pleti (sahani ya msuguano), presha pleti inayoibana na rilizi beringi inayoiachia ukikanyaga pedali, zenyewe ni boliti chache tu. Ndiyo maana uamuzi wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi pleti inabanwa juu yake, unafanywa gia boksi ikiwa bado chini: kuipiga skimu (kuisaga uso unyooke) au kununua nyingine. Ukiipandisha na wasiwasi wako moyoni, jibu utalipata barabarani na ufundi utaulipa mara mbili.

Somo hili ni la flaiwili ya kipande kimoja cha chuma, ile ya Hiace, Hilux na Land Cruiser za dizeli za zamani, Canter na Corolla nyingi. Za DMF, zile zenye vipande viwili na springi ndani, nitazigusa mwishoni kwa sababu zina sheria zake.

Hatua ya 1: Isome klachi iliyokufa kabla hujafuta kitu

Mafundi wengi wakishafungua presha pleti, kinachofuata ni tambara. Subiri kwanza. Shika klachi pleti ya zamani uitazame pande zote mbili. Kwa Toyota nyingi, vichwa vya ribiti (misumari inayoshikilia sehemu ya msuguano) vinatakiwa viwe vimezama angalau milimita 0.3 chini ya uso wa pleti. Kama ribiti zimeshatokeza, zimekuwa zikikwangua chuma, na mifereji ya mviringo utaiona kwenye flaiwili.

Kisha tafuta oili. Oili nyeusi ya injini inatoka kwenye sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini). Oili nzito yenye harufu kali inatoka kwenye sili ya mbele ya gia boksi. Yoyote utakayoikuta, ziba chanzo kwanza. Flaiwili iliyosagwa vizuri na klachi mpya vitaharibika vyote kama sili inavuja, na pleti iliyonyonya oili haisafishiki, hata ukiichoma moto.

Hatua ya 2: Piga alama, safisha, kagua uso

Kabla ya kulegeza boliti za flaiwili, piga alama moja kwenye flaiwili na nyingine kwenye krenki ili irudi ilivyokuwa. Safisha kwa dawa ya breki au petroli safi, mbali na moto. Dizeli na mafuta ya taa yanaacha utando, usitumie.

Ukikuta uso unang'aa kama kioo bila alama nyingine, hilo ni jambo dogo. Mikwaruzo myembamba ambayo ukucha haukwami, hali kadhalika.

Madoa ya bluu au meusi yanataka akili zaidi. Hayo ni joto. Gari lililojazwa kupita kiasi likapanda mlima wa Kitonga huku dereva anachezea klachi badala ya kushuka gia, au dereva anayekaa na mguu juu ya pedali kwenye foleni, flaiwili yake itakuwa na madoa haya. Pale penye doa, chuma kimepata moto mkali kikapoa ghafla, kikawa kigumu kuliko chuma kinachokizunguka. Ukiipeleka kwenye lethi ya kawaida (mashine ya kuchonga kwa kisu), kisu kinakata chuma laini na kuruka doa. Uso utaonekana mzuri mezani, lakini kila doa limebaki kilima kidogo, na gari litaanza kutetemeka tena wakati wa kuondoka. Flaiwili yenye madoa isagwe kwa mashine ya jiwe, ambalo linakula kigumu na laini kwa usawa. Muulize fundi wa mashine swali hilo kabla hujamwachia kazi: ni kisu au ni jiwe?

Baada ya madoa, tafuta nyufa. Kuna zile ndogondogo kama tope la mbugani lililokauka, ambazo mara nyingi huisha kwa kusaga. Na kuna ndefu, inayokamata ukucha, au inayokimbilia tundu la boliti au ukingo. Hiyo haina mjadala, flaiwili ni chuma chakavu. Kama una shaka, paka mafuta ya taa, yaache dakika chache, futa pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ukimaliza, safisha tena.

Nasisitiza nyufa kwa sababu flaiwili ikipasuka kwenye mzunguko mkubwa, vipande vinaweza kutoboa nyumba ya klachi. Kwenye Hiace hizi za 5L injini imekaa chini ya viti vya mbele. Juu ya hicho chuma kuna watu.

Hatua ya 3: Pima

Laza rula ya chuma iliyonyooka katikati ya uso na ujaribu kupitisha fila (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) chini yake, ukizungusha rula pande kadhaa. Flaiwili iliyochemka hukunjika ikawa kama sahani. Mimi fila ya milimita 0.1 ikipita, naipeleka mashineni.

Kama una dayo geji (saa ya kupimia mchezo), pima pia mchezo wa uso flaiwili ikiwa imefungwa kwenye krenki. Kwa Toyota nyingi ukomo ni milimita 0.1. Wakati wa kuzungusha, isukume krenki upande mmoja muda wote, la sivyo utapima mchezo wa krenki ukadhani ni wa flaiwili.

Mwisho pima unene. Hakuna namba moja ya magari yote. Tafuta kiwango cha chini kwenye kitabu cha gari lako, au kilichogongwa kwenye flaiwili yenyewe. Watengenezaji wengine hawaruhusu kusaga kabisa. Ukiona inafanana na iliyokwisha kuchongwa zamani, ipime mara mbili.

Hatua ya 4: Amua

Inang'aa tu, imenyooka, haina madoa: ikwangue kwa msasa wa mkono wa namba 80 hadi 120, mikwaruzo ikipishana, safisha, funga.

Ina mifereji, madoa au imekunjika, lakini unene upo: skimu. Ambapo milimita 0.3 hadi 0.5 zinatosha, usikubali zaidi. Kila unachokiondoa kinaisogeza klachi nzima kuelekea injini na kuiacha rilizi beringi nyuma, mwendo wa pedali unapungua. Ukizidisha, kitovu cha klachi pleti kinaweza kugusa vichwa vya boliti za flaiwili. Isitoshe, flaiwili nyembamba inachemka haraka.

Jihadhari na flaiwili yenye ngazi, ambapo presha pleti inakaa juu kuliko sehemu ya msuguano. Ngazi zote mbili zikatwe kipimo kilekile. Ukikata ya ndani peke yake, presha pleti haitabana sawasawa na klachi itateleza ikiwa mpya. Pini za kuongozea presha pleti zing'olewe kabla ya kusaga na zirudishwe baadaye.

Ufa mrefu, unene umefika ukomo, madoa yamegoma kutoka, au matundu ya boliti yametanuka: nunua nyingine.

Hatua ya 5: Kurudisha

Flaiwili ikitoka mashineni ina unga wa chuma na jiwe. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe mara moja, malizia na dawa ya breki. Badilisha sili ya nyuma ya krenki na beringi ndogo ya katikati kama zina dalili yoyote, maana hapo hutarudi karibuni. Boliti zinazokazwa kwa nyuzi za mzunguko (digrii) zibadilishwe pale kitabu kinapotaka, na zinazopenya hadi kwenye oili zipakwe gundi ya nyuzi. Kaza kwa kupishana na kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), sio kwa bomba refu.

Klachi pleti ina upande wake. Kwa kawaida kitovu kilichotokeza kinaelekea gia boksi, lakini soma maandishi yaliyogongwa. Kilomita 500 za mwanzo, dereva asibebe mzigo mzito wala asishikilie gari mlimani kwa klachi.

Kuhusu DMF: kwa kawaida haisagwi. Unapima mchezo wake wa kuzunguka na wa kuyumba, unaangalia kama imetema grisi. Ikizidi kipimo, inabadilishwa.

Maswali ya wanachama

*Mbeya, Canter:* Shikamoo fundi. Fundi wangu anasema atapitisha grenda yenye msasa, itakuwa sawa na skimu. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli. Grenda inachimba pale mkono ulipokawia, unabaki na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Akimaliza mwombe aweke rula na fila mbele yako. Kama uso unang'aa tu, msasa wa mkono unatosha. Kama una madoa, tafuta mashine ya jiwe hata kama ni mji wa jirani.

*Mombasa, Hiace ya abiria:* Nimefunga kiti (seti) mpya ya klachi, flaiwili sikuigusa. Sasa gari inatetemeka nikiondoka na gia ya kwanza. Niirudishe dukani?

Usigombane na mwenye duka bado, kaka. Anza na maunting (mipira ya kushikilia) za injini na gia boksi, hizo zinakaguliwa bila kushusha kitu. Zikiwa nzima, umebaki na oili kwenye pleti au uso wa flaiwili. Kama klachi iliyotoka ilikuwa imeungua na flaiwili ikarudi vilevile, mimi ningeanza kuishuku flaiwili.

*Dodoma:* Stata inazunguka bila kushika siku nyingine. Nikiweka gia na kulisukuma gari kidogo, linawaka. Inahusiana?

Inahusiana sana, na ni vizuri umeuliza kabla ya kufunga. Injini ya silinda nne hupenda kusimama sehemu mbili zilezile, basi meno ya ringi gia, duara la meno linalozunguka flaiwili ambalo stata hulishika, yanaliwa hapo tu. Ringi gia nyingi zinatoka: inagongwa, mpya inapashwa moto sawasawa itanuke, inadondoshwa mahali pake na kuachwa ipoe yenyewe. Usiipashe hadi iwe nyekundu, meno yatalainika. Upande wa meno uliochongoka uelekee inakoingia stata. Ukikosa mpya, ya zamani unaweza kuizungusha robo mzunguko ili stata ikutane na meno mazima. Ni dawa ya muda, ila inafanya kazi.

*Arusha:* Bora flaiwili ya mtumba kutoka Japani au mpya isiyo halisi?

Ya mtumba, kama muuzaji atakuruhusu kuipima pale dukani. Nenda na yako ya zamani: linganisha kipenyo, idadi ya meno, matundu ya boliti na kina chake, kisha ukague nyufa kama hatua ya 2. Asiyetaka uweke rula, mwachie flaiwili yake.

*Nakuru, Navara D40:* DMF imekufa na bei ya mpya inatisha. Wanasema naweza kuweka ya kipande kimoja.

Unaweza, kuna seti zake. Lakini nunua seti nzima pamoja na klachi pleti yenye springi zake, kwa sababu kazi ya kumeza mtikisiko inahamia huko. Tegemea kelele zaidi injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagiwa mafuta) na mtikisiko zaidi kwenye gia boksi. Kwa pikapu ya shamba sioni tatizo. Anayependa gari tulivu atanuna.

*Tanga, Hilux 5L:* Baada ya skimu klachi haikati vizuri, gia ya rivasi inakwaruza. Fundi anataka kushusha tena.

Mzuie kwanza. Toa hewa kwenye mfumo wa klachi, angalia silinda ya chini kama inavuja, rekebisha fimbo ya pedali. Muulize fundi wa mashine alikata kiasi gani. Kama ni nusu milimita, huenda tatizo halitokani na skimu. Kama alikata milimita mbili, hapo gia boksi itashuka kweli, na ukishaishusha pima unene kabla ya kufikiria shimu (kipande chembamba cha kujazia) ya nyuma ya flaiwili, maana huenda imeshavuka ukomo.